"Moya tvoya ne ponimay": kejeli niliyotupiwa bwenini Urusi kumbe ni lugha iliyokuwa na wenyewe

#1 MtuWaVoronezh

Wakuu, salaam kwenu.

Nilipofika Voronezh kwa mwaka wa maandalizi (waliopita podfak, kile kitivo cha kufundishwa Kirusi kwanza, wananielewa), Kirusi changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Jioni moja jikoni bwenini jamaa akaniuliza kitu kuhusu sufuria iliyokuwa motoni. Nikamtumbulia macho. Akawageukia wenzake, akabana pua kama anaigiza katuni: "Moya tvoya ne ponimay!" Jiko zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mgeni unacheka kwanza, maana unaitafuta baadaye.

Maana nilipoipata, neno kwa neno, ni hii: "yangu yako si elewa!" Humo hamna "mimi" wala "wewe", kuna "yangu" na "yako". Halafu kitenzi kiko kwenye amri, kana kwamba mtu anaamrishwa aelewe. Mrusi akiongea kawaida atasema "ya tebya ne ponimayu", kila neno na mkia wake mahali pake. Nikajua ni dhihaka ya kuwaigiza wageni, basi. Nikameza.

Mwaka wa tatu mwalimu wetu mmoja wa fonetiki, bibi mtu mzima, alinisikia naitumia kwa utani akanikatisha. Akaniambia: hayo si makosa ya mtu asiyejua Kirusi, hiyo ni sarufi ya lugha nyingine, na watu walikuwa wanakaa chini kujifunza. Akanitajia Kyakhta. Toka siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa hizi habari, leo nimeona niwamwagie.

Kyakhta ni mji mdogo kusini mwa Ziwa Baikal, mpakani na Mongolia. Mwaka 1689 Warusi na Wachina walipokaa kuandikiana mkataba wa Nerchinsk hawakuwa na lugha ya pamoja, ikabidi mapadri Wajesuiti wawakalimanie kwa Kilatini. Mkataba wa 1727 ndio ukafungua soko rasmi Kyakhta: upande huu Warusi na manyoya, upande ule Wachina na chai. Mji wa Kichina uliokuwa mkabala uliitwa Maimaicheng, yaani mji wa kununua na kuuza. Jina halijafichwa hata kidogo.

Mzigo wa kujifunza lugha uliwaangukia Wachina. Vijana wa kutoka Shanxi walikaririshwa maneno ya Kirusi yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina. Sasa herufi ya Kichina ni silabi nzima, haikubali konsonanti tatu zikaongozana kama Kirusi kinavyopenda. Ikawa wanachomeka irabu kila penye msongamano, kama sisi tulivyofanya kwenye burashi. Misamiati karibu yote ni ya Kirusi. Ila kitenzi kimeganda kwenye sura ya amri na hakinyambuliki tena: ponimay ni elewa, kwa mimi, wewe, yule, wote. Ukitaka wakati uliopita unaweka "byla" kando yake, ujao unaweka "budu". Mwaka 1853 Mrusi mmoja, Cherepanov, aliiandika na kuichapisha kama lahaja yenye taratibu zake.

Na jambo ambalo wengi wanalipita: Maimaicheng wanawake hawakuruhusiwa kuishi. Mji mzima wanaume na maghala ya chai. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja. Watu hudhani pijini, yaani lugha ya mkato inayozaliwa pale watu wasio na lugha ya pamoja wanapohitajiana, ni lugha iliyovunjika hovyo. Mimi naona hata pale inapovunjikia hapavunjiki hovyo. Ukiikagua sarufi yake unaweza kujua nani alikuwa anamhitaji nani, walionana kwa muda gani, na kama palizaliwa watoto.

Karibuni.

#2 Bin_Fundi

Nimetandika mkeka. Shusha mzigo mkuu.

#3 Kiberenge

Mkuu nakuheshimu ila hapa unatupamba. Hicho ni Kirusi kibovu, mwisho wa habari. Mimi nikienda Guangzhou kufuata mzigo naongea na Mchina kwa kikokotoo na "good price my friend". Hiyo nayo tuiite lugha, tuiandikie sarufi?

#4 MtuWaVoronezh

Ndugu Kiberenge, swali lako ni zuri na jibu liko Norwei, sio China.

Kaskazini kabisa mwa Norwei, Vardø, Hammerfest, Tromsø, hakuoti nafaka. Kuna samaki tu. Wakati wa baridi samaki wanatundikwa wanakauka vizuri na upepo. Kiangazi ndio balaa: nzi wanataga, samaki anaota funza akiwa juu ya kamba. Hapo ndipo walipotokea Wapomor, Warusi wa Bahari Nyeupe na Arkhangelsk, na majahazi yao yamejaa unga wa rai, nafaka ya ule mkate mweusi. Wananunua samaki wale wale ambao Mnorwei hana pa kuwapeleka, wanawatia chumvi chini kwenye ngama, wanaacha unga. Vita vya Napoleon vilipofika na Waingereza wakafunga bahari, unga wa Wapomor ndio uliowanusuru watu wa huko na njaa.

Kila mmoja anamhitaji mwenzake, mizani imelala sawa. Lugha iliyotoka hapo leo wataalamu wanaiita Russenorsk. Maneno yaliyonakiliwa ni takriban 400. Karibu nusu ni Kinorwei, karibu asilimia 40 ni Kirusi, yaliyobaki Kiingereza, Kiholanzi, Kisami na kadhalika, sauti za bandarini. Hebu tazama sentensi hii:

Kak sprek? Moja niet forsto.

"Unasemaje? Mimi sielewi." Kak ya Mrusi, sprek ya mabaharia wa Kijerumani na Kiholanzi, moja na niet za Mrusi, forsto ya Mnorwei. Wenyewe lugha yao waliiita "moja på tvoja", yaani kama kusema "mimi kwa yako". Na inasimuliwa kwamba wengi wa kila upande waliamini wanaongea lugha ya mwenzao.

Sasa kuhusu kikokotoo chako cha Guangzhou. Tofauti ni kwamba Mnorwei aliyejua Kinorwei chake tu hakuiweza Russenorsk mpaka ajifunze. Kulikuwa na sawa na sio sawa. Vitenzi viliwekewa mkia -om: snakkom kusema, drikom kunywa. Nomino nyingi zikawekewa -a: fiska. Mkia huo -om kwenye Kinorwei cha kawaida huukuti kwenye vitenzi hivyo. Wameutunga pale gatini, wakakubaliana, ukarithiwa msimu hadi msimu kwa zaidi ya miaka mia. Wewe na Mchina wako mkifikisha msimu wa pili na kanuni moja mliyokubaliana bila kuandikiana, nitakuja mwenyewe na daftari.

#5 Bin_Fundi

"Moja på tvoja"... hiyo moja nimeiona, mbili iko wapi?

#6 MtuWaVoronezh

Hahaha, nilijua tu utakuja na hiyo. J yao inasomwa kama y yetu. Moya.

#7 Bin_Fundi

Ndo ile ile ya bwenini kwenu!

#8 MtuWaVoronezh

Ndiyo, na hapo ndipo nywele zilinisimama nilipoanza kusoma.

Kyakhta iko ndani kabisa ya Asia. Vardø iko ukingoni mwa Ulaya juu ya Aktiki. Mchina wa Shanxi na mvuvi wa Vardø hawajawahi kuonana wala kusikiana. Lakini wote wawili "mimi" wanasema moya na "wewe" wanasema tvoya. Kwenye Kirusi sanifu hizo ni "yangu" na "yako" za jinsia ya kike. Nani aliwafundisha wote kosa lile lile?

Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba waliofundisha ni Warusi wenyewe. Kila jamii ina namna yake ya kumsemesha mgeni: unakata mikia ya maneno, unapaza sauti, unarudia. Warusi walikuwa tayari na mtindo wao wa kumsemesha mtu wanayemwona hajui, na moya-tvoya ilikuwa ndani ya mtindo huo. Mgeni akapokea alichopewa. Kwa hiyo yule jamaa wa jikoni hakuwa ananiigiza mimi. Alikuwa anamwigiza babu yake akimwigiza Mchina.

#9 Nakuru_Kwetu

Hii imenigusa pahali. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Lamu, Kiswahili chake kilikuwa cha mashairi. Miaka ya hamsini akaenda bara kuwa mpishi wa mzungu Naivasha. Alikuwa akitusimulia mazungumzo yao jikoni: "Bwana, mimi hapana jua. Maji iko moto. Mimi nalete sasa hivi." Sisi watoto tunavunjika mbavu. Nikamuuliza siku moja, babu, wewe wa kusema "hapana jua"? Akajibu: "Ningemwambia sijui asingeelewa. Na angeelewa angejiuliza kwa nini mpishi anamsahihisha."

Hiyo ndiyo walikuwa wakiita Kisetla. Mtu anajua lugha vizuri lakini anashuka nayo mpaka pale mwenye nguvu amefika. Sasa nataka kujua, hao Wachina hivyo vitenzi vya amri vilitoka kwa hali kama hii? Kwa sababu Kisetla pia ni lete, peleka, toka, funga. Mtumishi alichosikia mchana kutwa ni amri.

#10 mwl_Rehema

Habari zenu. Mimi nafundisha sarufi sekondari, niruhusuni nitie mguu.

Kaka Nakuru, simulizi ya babu ni ya thamani sana lakini ushahidi wa kitenzi usiutumie hivyo. Kwenye Kiswahili "leta" ya amri na "leta" ya shina ni umbo moja. Mtu akiondoa viambishi vyote (ni-na-leta, tu-li-leta) anabaki na leta hata kama hakuna aliyewahi kumwamrisha. Kwa hiyo Kisetla hakiwezi kutuambia kama ile ni amri iliyoganda au ni shina lililovuliwa nguo. Kinachosema zaidi ni hiyo "hapana" iliyokaa mbele ya kitenzi mahali pa si- na ha-. Ukanushi wa Kiswahili umefumwa ndani ya kitenzi, na kwa mgeni ndio mgumu kuliko vyote. Wameung'oa wakaweka neno zima lenye kusikika hata kwa mbali.

Mtoa mada nawe usikimbilie. Kichina hakinyambulishi vitenzi hata kwao. Hata kama Mrusi angekuwa mpole kiasi gani, Mchina angechagua umbo moja akabaki nalo. Hapo jamii imefanya nini na aina ya lugha imefanya nini?

#11 MtuWaVoronezh

Mwalimu, shikamoo, umenibana kisawasawa.

Nakubali nusu. Kwamba kitenzi kiliganda, hilo Kichina kinachangia. Kwamba kiliganda *kwenye amri*, badala ya sura nyingine yoyote katika rundo la sura za kitenzi cha Kirusi, hapo nasema ni kile walichosikia zaidi, kwa sababu Kirusi, tofauti na Kiswahili, amri yake ina umbo lake linalotambulika. Ponimay si shina tupu. Ni "elewa!" na haina kazi nyingine.

Linganisha na huko samaki. Ile -om ya Russenorsk asili yake bado inabishaniwa, lakini baadhi ya wataalamu wanaihusisha na mkia wa Kirusi wa nafsi ya "sisi", ule wa "poydyom", twende. Ukitaka kukaribisha kwa Kirusi unasema davay, halafu kitenzi cha sisi. Sasa sikiliza mwaliko huu wa Russenorsk:

Davaj på moja skib kjai drikom.

"Twende kwenye meli yangu tunywe chai." Siapi kwamba asili ni hiyo. Lakini ikiwa ndiyo, lugha moja ilijengwa juu ya "elewa!" na nyingine juu ya "tunywe", na ukijua mizani ilivyokaa katika kila soko hushangai.

Kingine kwenye sentensi hiyo ni "på". Kinorwei kina på, Kirusi kina po. Maana zinatofautiana lakini sauti zimekaribiana, kila mmoja akiisikia anaitambua kama ya kwao. Ikala vihusishi vingine karibu vyote. Kwenye, kwa, kwenda, hata "wa" ya umilikaji. Wanasalimiana "Drasvi, gammel god ven på moja", habari, rafiki yangu mwema wa siku nyingi, na "yangu" yenyewe ni på moja. Neno likijulikana na pande mbili halikopeshwi na yeyote, ndio maana linadumu.

#12 mwl_Rehema

Hiyo ya på imenikaa vizuri. Ila nayo umeikwepa kidogo: Kirusi na Kinorwei zote ni lugha zenye vihusishi vinavyokaa mbele ya nomino. Wangetoa wapi kingine?

#13 MtuWaVoronezh

Nilikuwa naomba mtu aniulize hivyo hivyo.

Tupande Taimyr, ile rasi ya Siberia inayotoka mbali kuliko zote kuelekea ncha ya kaskazini. Kuna Wanganasan, lugha yao ni ya jamii ya Kisamoyedi. Kuna Wadolgan, lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Hawaelewani hata salamu. Na kulikuwa na Warusi wachache waliolowea huko vizazi na vizazi, wakivua, wakitega mbweha, wakifuga kama wenyeji. Ikazaliwa pijini inaitwa govorka, "kausemi" ukipenda. Evgeny Helimski ndiye aliyeiandika kwa kina.

Msamiati wa Kirusi. Lakini ajabu ni nani alikuwa anaitumia: Mnganasan na Mdolgan wakikutana. Mrusi hata hayupo. Kwa hiyo hakuna wa kusahihisha, na hakuna anayejali Mrusi angesemaje. Lugha zote mbili za wenyeji zinaweka kitenzi mwisho na zinapachika mahusiano nyuma ya nomino. Sasa på ya kule hapa haina kazi. Walichukua neno la Kirusi "mesto", mahali, wakaliweka *nyuma*. "Kwangu" au "kunipa mimi" ni "menya mesto", mimi mahali. Ni kama vile -ni yetu ya nyumbani na sokoni ingekuwa neno zima linalotembea peke yake.

Tazama pia kiwakilishi. Hawasemi moya. Wanasema menya, ambayo kwa Kirusi ni "mimi" ya mtendwa. Ule mtindo wa masokoni wa moya-tvoya haukutia mizizi huku, maana walowezi hawa hawakuwa wapita njia wa msimu. Walikuwa majirani.

Kwa hiyo mwalimu, nakubali kwamba aina ya lugha inaamua vifaa gani viko mezani. Lakini nani yuko mezani na nani hayupo, hilo linaamuliwa na maisha. Vardø meza ilikuwa na Mrusi na Mnorwei. Taimyr meza ilikuwa na wenyeji wawili wanaotumia mbao za Mrusi kujengea nyumba ya ramani yao.

#14 mwl_Rehema

Marahaba, mwanangu. Hapo sina pingamizi. Endelea.

#15 KahawaChungu

Nyie watu mnaongea Taimyr kama mnaongea Tandika. Naendelea kusoma.

#16 LushotoBaridi

Wakuu, mmezunguka dunia mkasahau nyumbani. Huku kwetu Usambara kuna Wambugu. Wana lugha mbili: Kimbugu cha kawaida, ambacho ni ndugu wa Chasu cha Wapare, na Ma'a, ambacho viambishi vyake, ngeli zake, kila kitu ni vile vile vya Kibantu ila maneno mengi ni ya Kikushi. Mti ni muhatu, miti ni mihatu. Mu- na mi- unazijua, hatu huijui. Nilisoma na jirani yangu Mmbugu darasa moja, wakiongea kwao nadaka mikia yote, mzizi unanipita.

Hiyo nayo ni pijini? Kuna kitu kama hicho kwa Warusi?

#17 MtuWaVoronezh

Dada/kaka wa Lushoto, umegonga penyewe. Hapana, si pijini. Ni lugha mseto, na ndugu yake wa Kirusi yupo, tena vitabu vya isimu hupenda kuwataja pamoja.

Mashariki ya Kamchatka kuna visiwa vya Kamanda. Kimoja kinaitwa Bering, ndipo alipofia baharia Vitus Bering mwaka 1741. Cha pili ni Mednyy, tuseme Kisiwa cha Shaba. Havikuwa na wakazi. Miaka ya 1820 Kampuni ya Kirusi na Kimarekani, iliyokuwa inatawala Alaska, ikahamishia huko Waaleuti kuwinda wanyama wa manyoya ya baharini. Wawindaji Warusi wakaoa wanawake wa Kialeuti. Watoto wao walikuwa na hadhi ya kisheria kabisa, tabaka linaloitwa "kreoly", lenye nafuu fulani kuliko Mwaleuti wa kawaida. Si wa baba kamili, si wa mama kamili.

Lugha yao: mizizi ya vitenzi na nomino karibu yote ni Kialeuti. Nomino zinaambishwa Kialeuti. Lakini kitenzi kinafungwa na mkia wa Kirusi, mkia kamili wa nafsi na wakati, pamoja na "ni" ya kukanusha. Hakuna kilichong'olewa. Sarufi ngumu ya baba imeshonwa kwenye mizizi ya mama bila kukosea.

Sasa rudini Maimaicheng, mji usio na mwanamke. Pale hapakuzaliwa mtoto wa kuikuza ile lugha ya chai. Kila kijana wa Shanxi aliianza upya ukubwani, na mtu mzima anajifunza kwa kubana: sura moja ya kitenzi yatosha. Norwei Wapomor walikuja kiangazi wakaondoka, lugha ikalala mpaka mwakani. Kisiwa cha Shaba watoto walinyonya lugha zote mbili, wanazijua zote, kwa hiyo hawakuhitaji kurahisisha chochote. Kwa nini basi walichanganya? Naona ni kwa sababu walikuwa wanataka kujulikana kuwa ni wao. Wewe wa Lushoto utuambie kama Wambugu nao wana hiyo.

#18 LushotoBaridi

Wanayo kabisa. Kimbugu cha kawaida wanatumia na yeyote. Ile nyingine ni ya kwao wenyewe, ukiingia mgeni wanahama.

(Ni dada.)

#19 MtuWaVoronezh

Samahani dada.

Waliohamishwa kutoka Kisiwa cha Shaba walikusanywa kisiwa cha Bering mwishoni mwa miaka ya 1960, na mzungumzaji wa mwisho wa lugha hiyo alifariki Oktoba 2022. Majuzi tu.

#20 Mnubi_wa_Kibera

Nami niongeze la kwetu haraka. Kinubi kilitokana na Kiarabu cha makambi ya jeshi Sudan. Askari wa makabila mbalimbali, amri kwa Kiarabu. Ingekuwa kambi ya wanaume watupu kama huko kwa Wachina kingekufa na askari wenyewe. Lakini wake walifuatana nao, watoto wakazaliwa kambini, na hao watoto hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Leo kwangu ni lugha ya mama, nimeota ndoto kwa Kinubi, na kuna Wanubi hapa Kibera na Bombo kule Uganda tunaelewana. Mwarabu akinisikia anacheka. Acha acheke.

#21 Kiberenge

Sawa, nimelainika. Ila swali: kama Russenorsk ilikuwa lugha ya watu wazima wanaoheshimiana, mbona hizi pijini zote mwisho wake zinakuwa vichekesho? Kisetla kichekesho, hiyo ya bwenini kichekesho, Kinubi Mwarabu anacheka.

#22 MtuWaVoronezh

Kwa sababu mizani inahama.

Russenorsk haikuanza kuchekwa. Mwanzoni hata wafanyabiashara wakubwa waliitumia. Katikati ya karne ya 19 biashara ikaanza kwenda kwa fedha na mikataba, sio tena pishi ya unga kwa mzigo wa samaki. Matajiri wa Norwei wakapeleka vijana wao Arkhangelsk wakajifunze Kirusi cha darasani. Walirudi wanaongea na mikia yote. Kuanzia hapo moja på tvoja ikabaki ya wavuvi, na kitu kikibaki kwa wavuvi tu waungwana huanza kukiona cha ovyo. Hakuna kanuni hata moja iliyobadilika ndani yake. Mapinduzi ya 1917 yakaifunga hiyo biashara na lugha ikafa nayo.

Ya Kyakhta ilipata safari ndefu zaidi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 chai ikaanza kupanda meli, Kyakhta ikanyauka. Lakini Warusi walikuwa wameshafika mto Amur na Vladivostok, na kuanzia 1898 wakajenga Harbin kwa ajili ya reli ya Manchuria. Lugha ikahamia huko, kutoka ghala la chai hadi kwa vibarua wa reli, wachuuzi wa mboga, wasaidizi wa majumbani. Kila Mrusi akawa "kapitana", hata asiyemiliki ngalawa. Wawindaji wenyeji wa misitu ya Ussuri nao wakaitumia, na Arsenyev, mchora ramani, alipoandika safari zake na mwindaji Dersu Uzala alimwandika akisema hivyo hivyo, moya. Ila kwa Dersu hakuna anayecheka, kwa sababu msituni ni Arsenyev aliyekuwa hajui kitu.

Kuna neno moja la Harbin nalipenda: shango, yaani nzuri, safi. Warusi walilitumia wakidhani ni Kichina. Wachina walilitumia wakidhani ni Kirusi.

#23 Bin_Fundi

Hilo neno lihamie hapa. Uzi shango mkuu.

#24 Nakuru_Kwetu

Shango sana. Nitamsimulia mama hii ya mtu kumwigiza babu yake akimwigiza Mchina.

#25 KahawaChungu

Mimi swali langu ni moja (sio moya). Yule jamaa wa bwenini alikuwa anauliza nini kuhusu sufuria?

#26 MtuWaVoronezh

Kama nanusa kitu. Wali wangu ulikuwa unaungua.